Madini ya risasi yaliyoganda ndani ya mtutu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Chungulia ndani ya mtutu wa bunduki ya marisau iliyotumika miaka mingi bila kusafishwa ipasavyo. Mbele kidogo ya chemba, yaani nafasi ya nyuma inapokaa risasi, na tena karibu na mdomo pale mtutu unapobana, utaona mistari ya kijivu imelala. Yale si masizi ya baruti. Ni madini ya risasi yenyewe, metali laini ya kutengenezea marisau, yaliyosuguliwa na kubandikwa kwenye chuma kila bunduki ilipofyatuliwa. Masizi yanatoka kwa mafuta na kitambaa, haya hayatoki hivyo, na kwa sababu yanasumbua, kila mwenye bunduki kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni ana dawa yake ya kuyatoa. Nyingi ya dawa hizo ni kupoteza muda tu. Chache ni sumu, na hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Kabla hujagusa chochote, toa risasi zote, angalia chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zikakae chumba kingine. Gobore linahitaji uangalifu zaidi kwa sababu shehena yake haionekani. Ingiza fimbo mpaka igote, weka alama kwa kidole pale mdomoni, itoe, kisha uilaze juu ya mtutu kwa nje. Kama ncha haifiki usawa wa tundu la fataki, ndani kuna kitu, na hapo usiendelee. Muite fundi wa silaha mwenye leseni.

"Mtutu ukiwaka, ni safi"

Hili ndilo linalowadanganya wengi, hata waliopitia JKT na kufundishwa kusafisha silaha. Madini ya risasi ni laini. Kila risasi inayofuata huyalaza na kuyapiga pasi, mpaka yanang'aa kama chuma kilichopigwa msasa. Ukitazama moja kwa moja kutoka nyuma hadi mbele, mtutu unaonekana kama kioo. Uelekeze dirishani na utazame kwa pembeni, huku ukiuzungusha taratibu. Chuma safi kina mng'ao ulio sawa kote, wakati penye utando wa madini hayo pana mabaka na michirizi iliyofifia. Halafu pitisha brashi ya shaba mara kadhaa na ufuatishe kitambaa cheupe kinachobana. Kikitoka cheusi tu, ni masizi. Kikitoka na vipande vidogo vya rangi ya fedha, vyembamba kama magamba ya dagaa, kazi bado.

"Mafuta ya taa yanatoa kila kitu"

Mafuta ya taa, dizeli na petroli huyeyusha grisi na kulainisha masizi, lakini madini hayayeyuki humo hata ukiloweka wiki nzima. Petroli, juu ya hilo, ni hatari ya moto ndani ya nyumba. Vimiminika vyenye amonia vinavyouzwa kwa ajili ya bunduki vilitengenezwa kwa utando wa shaba unaoachwa na risasi zenye ganda la shaba, kwa hiyo kwa shida hii havisaidii. Soda nayo ni hivyo hivyo. Maji ya moto yana kazi yake kwenye gobore: yanaondoa chumvi za baruti nyeusi ambazo huvuta unyevu na kuleta kutu. Hiyo ni desturi nzuri, iendelee. Risasi iliyoganda itabaki pale pale.

Mafuta yanayosaidia kidogo ni yale mepesi ambayo mafundi wa magari hupulizia nati zilizoshika kutu. Hayayeyushi risasi pia, ila yanapenya chini ya utando na kupunguza mshiko wake. Paka ndani, acha usiku kucha, kisha uje kwenye kusugua.

"Stilwaya inakwangua chuma"

Ni kweli, kama ni ya chuma. Hapa ndipo dhana ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo dawa yenyewe. Kinachotoa madini ya risasi bila kuumiza mtutu ni metali iliyo ngumu kuliko risasi lakini laini kuliko chuma cha pua na cha kawaida, nayo ni shaba. Nyuzi za shaba halisi za kusugulia vyombo zikifungwa kwenye brashi iliyochakaa mpaka zikabana vizuri ndani ya mtutu hufanya kazi ambayo hakuna kimiminika kinachoifanya. Shida ni kwamba nyingi ya stilwaya zenye rangi ya shaba sokoni ni chuma kilichopakwa rangi au kuchovywa. Nenda dukani na sumaku. Ikivuta, iache hapo hapo.

Sugua kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni kila bunduki inaporuhusu. Ile ya kukunjika ni rahisi, unaifungua tu. Pale ambapo huna budi kuingilia mdomoni, fimbo isiguse kingo, kwa sababu kingo za mdomo zikiliwa, shabaha inaharibika. Kazi hii ni ya subira. Mtutu uliopuuzwa miaka mingi hausafishiki kwa mchana mmoja, na anayeulazimisha kwa msasa au bisibisi anautia mikwaruzo ambayo itashika risasi vibaya kuliko mwanzo.

"Risasi yenye ganda la shaba itausafisha"

Mwenye raifo aliyepiga risasi zisizo na ganda huambiwa amalizie na mbili tatu zenye ganda la shaba. Zinaweza kung'oa kidogo, lakini zinaweza pia kuukandamiza utando zaidi kwenye mifereji ya mtutu, na njia ikishakuwa nyembamba presha inapanda. Usifanye.

"Weka mtutu kwenye makaa, risasi itayeyuka"

Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, kwa hiyo mantiki inaonekana ipo. Lakini bunduki nyingi za mitutu miwili zimeunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Mitutu itaachana kabla utando haujaanza kutiririka. Na kinachobaki hewani ni mvuke na vumbi la risasi, mara nyingi jikoni, watoto wakiwa wameuzunguka moto.

"Siki na dawa ya vidonda vinatoa yote kwa dakika chache"

Vinatoa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Siki ikichanganywa na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa huila risasi na kuigeuza chumvi inayoyeyuka majini, iitwayo asiteti ya risasi. Kipande cha madini ukikishika mkononi hakipenyi ngozi kwa urahisi. Chumvi hii iliyoyeyuka hupenya kirahisi zaidi, na ikiingia mdomoni mwili unaichukua haraka. Tena ina ladha tamu, ndiyo sababu zamani Ulaya iliitwa sukari ya risasi. Fikiria imebaki kwenye kopo la maji uani. Mchanganyiko huo pia hula chuma na kubandua rangi ya mtutu ukichelewa kidogo. Hakuna sababu hata moja ya kuutumia wakati nyuzi za shaba zipo.

"Zebaki inanyonya risasi"

Inanyonya, kama inavyonyonya dhahabu. Kwa kuwa wachimbaji wadogo wa Singida wanaifahamu, wapo wanaodhani kijiko kimoja ndani ya mtutu si neno. Zebaki hutoa mvuke usioonekana hata bila kupashwa moto, mvuke huo unaingia mapafuni na kuathiri ubongo na figo, na matone yaliyodondoka kwenye sakafu ya udongo hayaokoteki. Nawasihi wenye bunduki waiache kabisa.

"Ukimaliza, kunywa maziwa"

Maziwa ni chakula. Hayatoi madini ya risasi mwilini. Yakishaingia huenda kwenye damu, na sehemu kubwa hukaa mifupani kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima, na kinachoathirika zaidi ni ubongo unaokua. Kwa hiyo kinga ni wakati wa kazi. Fanya nje, mbali na jiko na mkeka wa watoto, ukiwa na glavu. Usile wala kuvuta sigara katikati ya kazi. Vitambaa na magamba yaliyotoka viwekwe kwenye kopo la mfuniko, visichomwe wala kutupwa korongoni. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtu au chakula, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha, choo kigumu na uchovu baada ya kazi za namna hii amweleze daktari wazi kwamba alishika madini ya risasi.

"Dodoma kukavu, mtutu hauli kutu"

Kiangazi ni kweli kukavu, lakini masika ya Desemba hadi Aprili yana unyevu wa kutosha, na unyevu unaojificha chini ya utando wa risasi hutoboa chuma bila kuonekana. Wengine huenda upande wa pili na kumwaga mafuta mengi. Vumbi letu jekundu likinata kwenye mafuta linakuwa msasa. Paka safu nyembamba, na uikaushe kabla ya kufyatua.

Utando ukirudi upesi mahali pale pale, chanzo kitafutwe. Huenda kuna mashimo ya kutu, au unatumia risasi zisizo na kikombe cha plastiki kinachotenga marisau na chuma. Mashimo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Umiliki na utengenezaji wa silaha vinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo usimwachie bunduki fundi wa baiskeli, hata akiwa hodari.