Utando wa seli ni nini, na kwa nini si chujio

Muuza chipsi wa mtaani kwetu Sinza hatii chumvi kwenye kachumbari mpaka mteja awe amesimama mbele yake. Jioni moja alimwachia kijana wake kazi, naye akanyunyiza chumvi mapema. Baada ya nusu saa vipande vya tango vilikuwa vimelegea na chini ya beseni kuna maji. Hakuna aliyeyamimina. Mengi yalitoka ndani ya seli za mboga zenyewe, yakavuka utando wa seli kuifuata chumvi iliyokuwa nje. Mwendo huo wa maji ndio huitwa osmosisi.

Utando wa seli, ambao wengine huuita kiwambo cha seli, ndio mpaka kati ya seli na kilicho nje yake. Kila seli hai inao, iwe ya tango, ya bakteria au ya ubongo wako. Unene wake ni nanomita 7 hadi 10 tu. Ukitaka kufikia unene wa karatasi moja ya daftari, itabidi upange tando kama 10,000.

Sehemu kubwa ya utando ni fosfolipidi, aina ya mafuta ambayo kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Kwa kuwa kuna maji ndani ya seli na nje yake, molekuli hizi hujipanga zenyewe safu mbili: vichwa huelekea kwenye maji pande zote mbili, mikia hujificha katikati. Kati yake zimepachikwa protini, na kwenye seli za wanyama kuna pia kolesteroli. Vyote hivyo husogea na kupishana, havijagandishwa mahali pamoja. Mwaka 1972 wanasayansi S. J. Singer na Garth Nicolson waliueleza utando kwa namna hiyo, na maelezo yao ndiyo msingi unaofundishwa hadi leo.

Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba utando ni kama chujio la chai: vidogo vinapita, vikubwa vinabaki. Mfano huo unapotosha, na natamani walimu wauache. Molekuli ya oksijeni ni kubwa kuliko ayoni ya sodiamu (yaani sodiamu yenye chaji ya umeme), lakini oksijeni hupita bila hata kupiga hodi, sodiamu ikazuiwa. Mbona hivyo? Sodiamu ina chaji hiyo na imezingirwa na molekuli za maji, kwa hiyo haiwezi kukatiza ile mikia ya mafuta katikati. Oksijeni haina chaji, na mafuta hayaikatai. Kinachoamua, basi, si ukubwa peke yake.

Vilivyozuiwa hupitia kwenye protini. Nyingine ni mifereji: maji yana yao, akwaporini, ambayo ugunduzi wake ulimletea mwanasayansi Peter Agre Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Nyingine ni pampu zinazotumia nishati, kama ile inayotoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kila inapozunguka.

Kuna protini moja ambayo kila mzazi wa Dar es Salaam anafaa kuijua, hasa baada ya kipindupindu cha mwaka 2015. Iko kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba, na huingiza sodiamu pamoja na glukosi, mbili za sodiamu kwa moja ya glukosi. Zikishaingia, maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi na maji, lakini mlango huu hauufungi. Ndiyo maana pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kumpa anayehara, ina sukari: bila glukosi, mlango huo haupitishi sodiamu.

Kwa hiyo usiongeze sukari ili mtoto apende ladha. Sukari ikizidi ndani ya utumbo, inavuta maji kutoka mwilini kama chumvi ilivyoyavuta kwenye tango, na kuhara kunazidi. Pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja kamili ya maji safi, bila kupunguza wala kuongeza. Mtoto akitapika, subiri dakika kama 10, kisha mpe tena kijiko kimoja kimoja.