Picha ya mwigizaji: yanayosemwa Mtwara na yaliyo kweli

Kijana wa Mtwara au Lindi anayejaribu bahati kwenye tamthilia au mitindo haendi mbali kabla hajaulizwa kama ana hedishoti, yaani picha ya kichwa na mabega inayotumwa kwa wanaotafuta waigizaji. Anayeipokea ana nyuso nyingi za kupitia na muda mchache, na anataka kujua jambo moja tu: nikimwita huyu, atakayeingia mlangoni ni nani? Mengi yanayosemwa huku kwetu kuhusu picha hizi yanalisahau swali hilo.

"Picha nzuri ni ile unayotoka mzuri kuliko ulivyo"

Hii ndiyo inayowakosesha watu kazi. Kufuta chunusi ya juzi hakuna ubaya, maana wiki ijayo haipo. Kovu, mwanya, baka la kuzaliwa na mikunjo ya macho viachwe. Filta inayochonga pua na kung'arisha ngozi inatengeneza mtu ambaye hayupo, na siku ya usaili mwongozaji atamtafuta huyo asimwone. Ukinyoa ndevu, ukibadili nywele au ukipungua sana, piga upya, hata kama ile ya zamani uliipenda.

Kuna na hili la wigi refu, kwamba binti bila nywele za kumwagika mabegani hatazamwi. Flaviana Matata wa Shinyanga alitwaa taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa. Wigi halikatazwi. Kama utakwenda nalo kwenye usaili, piga nalo. Na anayevaa hijabu kila siku apige na hijabu yake.

"Jua la huku ni kali, piga saa yoyote"

Mwanga upo, shida ni unakotokea. Mtwara iko digrii 10 hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na karibu na tarehe 20 Oktoba, jua la mchana hupita utosini hasa, na miezi mingi iliyobaki haliko mbali na hapo. Mpige mtu saa sita akiwa uwanjani uone: macho yamekuwa mashimo meusi na kivuli cha pua kimeangukia mdomoni.

Wengi hukimbilia kusubiri jioni ufukweni Shangani. Jioni ni nzuri, lakini ni fupi, na upepo wa bahari hauna adabu na nywele za watu. Mimi napenda baraza. Msimamishe mtu hatua moja au mbili ndani ya kivuli cha paa, ageukie nje kunakotoka mwanga. Mchanga mweupe wa uani au ukuta wa chokaa ulio mbele yake utarudisha mwanga chini ya kidevu bila kununua chochote. Mwangalie machoni: lazima kila jicho liwe na nukta ya mwanga, la sivyo mtu anaonekana kama amechoka na maisha.

Baraza nalo lina msimu wake. Mwezi Juni na Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo baraza linalotazama kaskazini linapigwa jua moja kwa moja. Desemba na Januari jua la mchana limehamia kusini, na baraza hilohilo ndilo linalofaa. Anayepiga picha Mikindani, ambako nyumba za zamani zimetazama kila upande, ahesabu mwezi kabla ya kuchagua kibaraza. Na aepuke turubai la bluu lililotandazwa karibu: rangi yake hupanda hadi shavuni, na kuiondoa baadaye ni kazi ya usiku kucha.

"Ngozi nyeusi ipigwe flashi ya kutosha"

Hapa nina ubishi na wapiga picha wenzangu. Kamera inapopima mwanga huchukulia kwamba kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha katikati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga hadi uso upauke. Uso huohuo ukiwekwa mbele ya ukuta mweupe mpana, kamera hupunguza hadi macho yapotee. Tiba ni kupima mwanga kwenye ngozi yenyewe. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, kisha pandisha au shusha mwanga hadi rangi ifanane na ya mtu aliyesimama mbele yako.

Flashi ya juu ya kamera inatoka karibu na lenzi ilipo, hivyo inaubapaza uso na kuacha weupe kwenye paji. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Dirisha kubwa la ubavuni litakuchorea shavu na taya vizuri kuliko flashi hiyo. Ndiyo maana pauda iwe ya kukausha jasho tu, maana joto letu lina unyevu. Ukiua mng'ao wote, umeua na umbo.

Mambo haya yana historia. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha za filamu, kabla ya kamera za dijitali, zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, iliyoitwa Shirley kwa jina la mwanamke wa kwanza kupigwa picha hiyo. Picha za babu zetu zilizotoka giza, yakaonekana meno na kanzu tu, haikuwa kosa la nyuso zao.

"Bila kamera kubwa, nenda Dar"

Ni zaidi ya kilomita 550 kwa basi. Kinachoharibu sura kwenye picha za simu ni ukaribu: kwa sentimita 40, pua iko karibu mno na lenzi kuliko masikio, basi inavimba. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, ukate picha baadaye. Lenzi za milimita 85 hadi 135 zinapendwa kwa sababu hiyo, zinakuruhusu ukae mbali na bado ujaze fremu. Afadhali simu mkononi mwa mtu anayejua kumzungumzisha mwenzake kuliko kamera ya mamilioni kwa mpiga picha anayeamrisha "cheka!"

Wapo pia wanaotuma picha zilezile kwa wakala wa mitindo na kwa mwongozaji. Wakala anataka picha zisizopambwa: uso kwa mbele, ubavu, mwili mzima, nguo ya kubana ya rangi moja, nywele zimevutwa nyuma, bila mekapu. Mwongozaji anataka macho yenye wazo ndani yake, na nguo isiyogombana nayo. Kitenge cha maua makubwa kibaki kwa ajili ya harusi.

Na kulipia picha hakumaanishi umenunua haki zote. Picha ni kazi inayolindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, hivyo andikeni mapema itatumika wapi, na kama mpiga picha anaruhusiwa kuibandika kwenye ukuta wa studio yake.

Wakati wa kutuma, usiitupe WhatsApp kama picha ya kawaida, maana itapunguzwa ubora. Itume kama hati. Inchi 8 kwa 10, kipimo kinachotumika Marekani, huchapwa vizuri ikiwa na pikseli 2400 kwa 3000. Na faili lipe jina lako kamili, kwa sababu kule linakokwenda kuna mafaili mengi yanayoanza na IMG.