Mpira wa maji ya AC ni kitu gani, na kwa nini kapeti la gari hulowa

Ukiteremka kutoka Mbeya kwenda Kyela unabadilisha majira ya mwaka ndani ya safari moja. Uyole umevaa koti. Isongole ukungu umelala barabarani. Tukuyu mvua. Halafu migomba inapungua, mikakao inaanza, na unapokaribia Ziwa Nyasa joto linakuvaa mwili mzima. Hapo ndipo watu wa Mbeya tunapokumbuka kwamba gari lina AC. Tunafunga vioo, tunabonyeza kitufe ambacho hakijaguswa tangu mwezi wa pili, na upepo wa baridi unaanza kuvuma.

Safari moja ya namna hiyo, dada yangu aliyekaa kiti cha kushoto aliniuliza, "Kaka, mbona miguu yangu imelowa?" Nikadhani chupa ya maji imemwagika. Haikuwa chupa. Kila tulipokata kona tulisikia maji yakicheza ndani ya dashibodi, kama ndoo iliyobebwa kichwani na mtoto asiyezoea.

Gereji ya kwanza waliniambia gesi imeisha. Nikalipa, wakajaza, na kapeti likalowa vilevile. Siku nyingine nikampelekea mzee mmoja mwenye gereji ndogo upande wa Mwanjelwa. Baada ya shikamoo na marahaba hakufungua hata sanduku la spana. Aliinama chini ya gari na kipande cha uzi wa mashine ya kukatia nyasi, akachokonoa mara tatu, na maji ya rangi ya chai yakamwagika chini yakiwa na matope na majani makavu. "Mwanangu," akasema, "AC yako haina ugonjwa. Mpira umeziba."

Mpira huo ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu watu wengi huku nyanda za juu wanatozwa fedha za gesi, za kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC), hata za kushusha dashibodi nzima, kwa kosa la kimpira kinachotoshana na kidole.

Mafundi wengine huuita dreni, wengine mpira wa maji, wengine bomba la AC. Ni njia ya kutolea nje maji yanayotengenezwa na AC ikiwa inafanya kazi. Nasema yanayotengenezwa, kwa sababu hakuna mtu aliyeyatia. Gari halina tangi la maji ya AC. Yanatoka hewani.

Chukua soda ya baridi uiweke mezani pale Kyela mjini, mchana wa mwezi wa kwanza. Dakika chache tu chupa inatoka jasho na meza inalowa. Soda haikuvuja. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi wa maji, na ikigusa kitu cha baridi haiwezi tena kuubeba wote, hivyo unageuka kuwa matone. Ni umande, ule ule unaotulowesha viatu asubuhi shambani. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu kabisa hubeba kiasi cha gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 10 inabaki na uwezo wa kubeba gramu 9 tu. Gramu 20 na zaidi zinabaki zimening'inia kwenye kile kitu cha baridi.

Ndani ya gari, kitu hicho cha baridi kinaitwa evaporeta. Ni kama rejeta ndogo ya aluminiamu iliyofichwa nyuma ya dashibodi, mara nyingi upande wa abiria wa mbele au katikati. Gesi ya AC hupita ndani yake na kuifanya iwe baridi, nyuzi chache tu juu ya sifuri, na feni huipuliza hewa ipite kwenye mapezi yake membamba. Hewa inatoka baridi na kavu. Maji yanabaki kwenye mapezi, yanadondokea kwenye kisinia cha plastiki chini yake, na kisinia hicho kina tundu. Kwenye tundu ndipo unapoanzia mpira wetu, unaotoboa ukuta wa bati kati ya injini na abiria na kumwaga maji chini ya gari. Hakuna pampu wala umeme. Maji yanashuka yenyewe kwa uzito wake, ndiyo maana uchafu kidogo tu unatosha kuyazuia.

Kwa hiyo lile dimbwi dogo unaloliona chini ya gari baada ya kusimama na AC inawaka ni dalili ya afya. Nimeshaona dereva akilikimbiza gari gereji kwa ajili ya matone hayo, akiamini rejeta imetoboka. Cha kukupa wasiwasi ni kinyume chake: siku ya joto na unyevu, AC imewaka nusu saa, na chini ya gari ni pakavu.

Watu wa baridi wanaweza kusema haya hayawahusu, AC ni ya Dar es Salaam. Si kweli. Mashine ya kwanza ya namna hii haikubuniwa kwa ajili ya kumburudisha mtu. Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani Willis Carrier aliitengeneza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukiyatanua na kuyasinyaza makaratasi mpaka rangi zisikae mahali pake. Kazi ilikuwa kuondoa unyevu hewani, na sisi wa Mbeya, Njombe na Makete tunaitumia kwa kazi hiyo hiyo bila kujua. Asubuhi ya mvua umepakia watu saba kwenye Noah, vioo vimejaa ukungu kwa pumzi zao, unabonyeza kitufe chenye picha ya kioo cha mbele. Katika magari mengi kitufe hicho huiwasha AC pia, hata kama unapuliza hewa ya moto, kwa sababu hewa iliyokaushwa ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo. Dereva anaapa hajawasha AC mwaka mzima, kumbe imekuwa ikikusanya maji kidogo kidogo kila asubuhi.

Na mpira ukiziba, kioo hicho ndicho kinachokuwa cha kwanza kuteseka. Evaporeta imekaa juu ya kisinia kilichojaa maji, feni inapuliza unyevu ule ule urudi ndani, na ukungu haufutiki. Kwa anayeendesha Isongole usiku, na nje nako kuna ukungu, hilo linanitia hofu kuliko kapeti lililolowa.

Sababu za kuziba zinatofautiana na mahali. Barabara zetu za vumbi kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi zinajaza unga mwekundu kila upenyo, na unga huo ukikutana na maji ya evaporeta unakuwa tope. Huko Mafinga na Mufindi, ukiegesha chini ya mipaina, sindano zake zinaanguka kwenye ule mfereji chini ya wayipa, ambako ndiko hewa ya nje inakoingilia, na zile zinazopenya zinashuka hadi kwenye kisinia. Matope ya masika hurushwa na tairi yakaziba mdomo wa mpira kwa nje. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana matundu ya ukubwa ule gari likilala muda mrefu. Ongeza ute wa kuvu unaoota penye giza na unyevu. Magari mengi yana filta ya hewa ya ndani, kwa kawaida nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na ingezuia sehemu kubwa ya takataka hizi, lakini fungua uone: mara nyingi imejaa vumbi miaka mingi, au nafasi ipo na filta haimo.

Kabla ya kuulaumu mpira, yajue maji unayoyaona. Ya AC ni meupe, hayana harufu, na yanaonekana AC ikiwa inawaka. Kapeti likilowa baada ya mvua au kuosha gari, AC ikiwa imezimwa, tafuta raba ya mlango au ya kioo cha mbele, au ule mfereji wa chini ya wayipa uliojaa majani. Yakiwa na rangi ya kijani, nyekundu au waridi, yanateleza vidoleni na yana harufu tamutamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya heata, ambayo imekaa jirani kabisa na evaporeta. Huku kwetu heata inafanya kazi kweli, usiisahau. Usiyaonje maji hayo hata kidogo, kulanti ni sumu. Gari hilo liende kwa fundi, kwa sababu injini inapungukiwa maji.

Kuupata mpira wenyewe kunahitaji uvumilivu zaidi kuliko ufundi. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, anza upande wa kushoto. Fungua boneti injini ikiwa imepoa, angalia chini kabisa kwenye ukuta wa bati, kuelekea katikati. Utaona mipira miwili minene iliyofungwa kwa klipu, hiyo ni ya heata, iache. Utaona mabomba ya aluminiamu, hayo ni ya gesi, yaache pia. Unaoutafuta ni mpira mfupi mweusi, mara nyingi umepinda kama kiwiko, na ncha yake haijaunganishwa na kitu chochote. Unaning'inia tu. Katika magari mengine hauonekani kutoka juu kwa sababu unatokea sakafuni karibu na gia boksi. Njia rahisi, kama haujaziba kabisa, ni kuwasha AC robo saa siku yenye unyevu na kuangalia matone yanatoka wapi. Usiifanye mwezi wa nane hapa Mbeya ukategemea jibu, hewa ya kiangazi ni kavu na hata mpira mzima unaweza usitoe kitu.

Ikibidi kuingia chini, gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe nyuma ya tairi, na limekaa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, na hili silisemi kwa mazoea. Jeki huteleza.

Kwanza uminye mpira kwa vidole. Baadhi yake una mdomo uliobanwa kama wa bata ili wadudu wasiingie, na tope kidogo linaugandisha, kwa hiyo kuuminya tu kunatosha. Ukikataa, ingiza uzi wa kukatia nyasi au kitu kingine laini kinachopinda, polepole, ukiuzungusha. Kaa pembeni, usiweke uso chini yake, maana yakifunguka yanakuja kwa kishindo. Usitumie waya mgumu wala spoku ya baiskeli. Evaporeta iko karibu na mapezi yake ni membamba sana, ukiitoboa gesi yote inatoka na hapo ndipo utakapolipia dashibodi kushushwa kwa haki. Upepo wa kompresa ya kujazia tairi nao siupendi: una nguvu ya kuung'oa mpira kwenye tundu lake kwa ndani, au kuurudisha uchafu juu. Afadhali mashine ya kufyonza maji, ile wanayotumia waosha magari kukaushia viti, uishikilie kwenye ncha ya mpira ivute. Ukimaliza, suuza kwa maji safi kidogo ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano, kisha washa AC uone yanashuka.

Kapeti lenyewe ni kazi nyingine, na wengi huiruka. Juu linaweza kuonekana kavu, lakini chini yake kuna sponji nene iliyokunywa maji yote. Linyanyue. Baridi ya huku haikaushi kitu kilichofunikwa, na sponji iliyoachwa inaoza, inanuka, inaliotesha bati kutu, na katika magari mengine inalowesha nyaya na visanduku vya umeme vilivyo chini ya miguu ya abiria. Mimi nililikausha siku mbili juani milango ikiwa wazi, na bado harufu ilichukua wiki kuondoka.

Tangu hapo, nikibakiza dakika chache kufika ninazima AC na kuiacha feni ipulize, ili evaporeta ilale ikiwa kavu. Nasafisha majani chini ya wayipa kila ninapoosha gari. Hata wakati wa baridi naiwasha AC dakika kumi kila baada ya wiki mbili, kwa sababu mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, na gari lililokaa miezi bila kuiwasha hukausha sili zake, zile raba zinazozuia gesi isivuje.

Ikitokea umezibua, umekausha, na maji bado yanaingia ndani, basi mpira umechomoka kwenye tundu lake au kisinia kimepasuka. Hiyo ni kazi ya kufungua dashibodi, mpe fundi anayeifahamu. Ila fundi yeyote akikuambia kapeti limelowa kwa sababu gesi imeisha, mwombe kwanza akuonyeshe matone yanayodondoka chini ya gari.