Majibu mazuri yanazama kwenye nyuzi: jinsi ya kuunganisha jukwaa la majadiliano na wiki

Wadau mnaoendesha websaiti za jamii, iwe ya wakulima, ya wazazi wa shule, ya watu waliosoma chuo kimoja au ya ndugu zetu walioko Oman na Ulaya, swali mnalotuletea sana hapa kwenye kitengo chetu ni kwamba tuweke jukwaa la watu kujadiliana au tuweke wiki? Jibu letu siku zote ni weka vyote viwili. Ila ukiviweka halafu kila kimoja kikaenda njia yake umejiongezea kazi tu, na hapo kwenye kuviunganisha ndio watu wengi wanakwama kwa hiyo ndio nitakapokaa zaidi leo.

Kwanza tuelewane. Kwenye jukwaa mtu anafungua uzi, wenzake wanakomenti chini yake, kila posti ina jina la mwenyewe na saa aliyoandika, na hakuna anayeruhusiwa kugusa maneno ya mwenzake. Kwenye wiki ukurasa ni wa wote, mwenye ruhusa anabonyeza hariri anabadilisha moja kwa moja, na matoleo yote ya nyuma yanabaki kwenye historia yake kwa hiyo mtu akiharibu unarudisha kama ilivyokuwa.

Sasa chukua viwavijeshi vamizi. Vilionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, ilipofika 2017 viko Tanzania na Kenya, na kila penye wakulima mtandaoni pakajaa maswali. Mtu anapiga picha ya mhindi uliotobolewa majani anauliza jamani hiki ni nini na nipige dawa gani, anajibiwa, kuna anayesema majivu, kuna anayesema mchanga, kuna anayetaja dawa ya dukani, mabishano yanaanza, na katikati ya komenti mia moja na kitu yupo mtu mmoja aliyeeleza vizuri kabisa kwamba anza kukagua shamba mahindi yakiwa bado madogo, fungua kiini cha mmea maana ndimo mdudu anamojificha mchana, na kama unapiga dawa piga asubuhi mapema au jioni. Hiyo komenti ni dhahabu. Lakini msimu unaofuata haipo, yaani ipo ila haionekani, na mtu mpya anafungua uzi mpya na picha ile ile na swali lile lile.

Yule aliyejibu vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili atajibu tena kwa kifupi, mwaka wa tatu atapita kimya. Watu wanadhani jamii za mtandaoni zinauawa na matusi, na kweli matusi yanaua, lakini kwa ninavyoona mimi kinachoua zaidi ni wale wanaojua kuchoka kurudia. Wakishaondoka hao wanabaki wanaouliza na wanaokisia, na hapo ndipo ushauri wa hovyo unaposhika.

Haya, kwa nini basi tusiweke wiki peke yake? Kwa sababu ukurasa hauzuki wenyewe, unatoka kwenye maswali ya watu. Mwishoni mwa 2009 Google waliandaa mashindano ya kuandika makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania wakaandika kwa wingi, zawadi zikatolewa 2010, na baada ya hapo wengi wao hawakuendelea. Wikipedia yetu ilikuwepo tangu 2003 na ipo mpaka leo, imepita makala 70,000, lakini inabebwa na wahariri wachache wanaojitolea. Kwa maoni yangu mashindano yalileta waandishi, hayakuwaletea sababu ya kuzungumza wao kwa wao, na mtu asiye na wa kuzungumza naye mahali hakai hapo. Fungua makala yoyote ya Wikipedia ya Kiswahili juu utaona sehemu imeandikwa Majadiliano, bonyeza, mara nyingi utakuta patupu.

Na ukurasa usiojadiliwa ni hatari pia kwa upande mwingine. Mwaka 2005 mtu aliandika uongo kwenye Wikipedia ya Kiingereza kuhusu mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler, akamhusisha na mauaji ya Rais John Kennedy wa nchi hiyo, na uongo huo ukakaa kama miezi minne bila mtu kuugusa. Wiki yoyote inaruhusu kurekebisha, hilo ndilo sifa yake, lakini kurekebisha kunataka macho, na macho yako kule watu wanakoongea.

Hii ishu sio ngeni hata kidogo, imezaliwa pamoja na wiki yenyewe. Wiki ya kwanza ilifunguliwa na Ward Cunningham mwaka 1995 kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta, na pale mjadala na maandishi rasmi vilikaa kwenye ukurasa mmoja. Mtu anaandika hoja anasaini, mwingine anajibu chini yake anasaini, ukurasa unarefuka mpaka haueleweki, kisha anakuja mtu mwenye moyo anasoma yote anayageuza kuwa maelezo yaliyonyooka yasiyo na jina la mtu. Walikuwa na majina kabisa ya hizo hali mbili, hali ya uzi na hali ya waraka, na lengo lilikuwa uzi ukomae uwe waraka. Shida ni kwamba kuongeza komenti kunachukua dakika moja na kuandika waraka upya kunachukua jioni nzima, kwa hiyo kurasa nyingi zilibaki nyuzi tu.

Wikipedia wao wakatenganisha, makala kivyake na ukurasa wa majadiliano kivyake, lakini vimefungwa pamoja kwa kubonyeza mara moja. Naona huo ni uamuzi bora kuliko yote waliyofanya upande wa programu. Anayetaka kusoma anasoma, anayetaka kujua kwa nini imeandikwa hivi na sio vile anaenda nyuma ya pazia anakuta mabishano yote na majina na tarehe.

Kuna somo lingine kutoka kwao ambalo kila anayejenga websaiti ya jamii alijue. Kuanzia 2013 Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, walitengeneza mfumo unaitwa Flow, nia yao kurasa za majadiliano zifanane na jukwaa la kisasa, posti chini ya posti. Kwa mgeni ilikuwa rahisi zaidi. Lakini wahariri wazoefu wengi waliikataa maana walizoea kuhamisha kipande cha mazungumzo, kuyapanga upya, kujaribu sentensi ya makala pale pale wanapobishana, na mfumo mpya uliwabana, mpaka Wikipedia ya Kiingereza ikauondoa mwaka 2016. Mwaka 2019 wakarudi kuwauliza watumiaji wenyewe mnataka nini, likatoka jambo dogo la busara, ukurasa ubaki vile vile ila kiwekwe kitufe cha kujibu ili mtu asihangaike na alama za ajabu. Hicho kitufe sasa kipo kwenye Wikipedia nyingi. Kwa hiyo kabla hujanunua mfumo wa gharama kaa na wanaofanya kazi uangalie wanaifanyaje.

Mfano wa karibu na sisi ni ramani huru ya OpenStreetMap. Ilianza Uingereza 2004, kwa hiyo madaraja ya barabara, yaani viwango vya ipi ni kuu na ipi ni ndogo, yakafuata barabara za kule, halafu watu wakaanza kuchora Kibera mwaka 2009, Tandale mwaka 2011, na 2015 mradi wa Ramani Huria ukaingia kata za Dar es Salaam zinazofurika, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kuchora mitaro na nyumba. Swali linaibuka lile lile, barabara kuu ya wilaya ambayo ni ya vumbi tuiweke daraja gani? Ukiangalia lami utaishusha, ukiangalia kazi yake kwa watu ni barabara kuu. Hayo yalijadiliwa, na makubaliano yakaandikwa kwenye wiki yao kwenye ukurasa maalum wa barabara za Afrika, kwamba daraja linafuata umuhimu wa barabara na hali ya juu yake, lami au vumbi, inaandikwa pembeni. Mchoraji mpya wa Mbeya au Goma hahitaji kubishana upya, na akiona makubaliano hayamfai anajua pa kwenda kuyafungua.

Sasa tufike kwenye utaratibu wenyewe. Jukwaa ni kikao, na kikao bila katibu mnaongea vizuri mnatawanyika na mwezi ujao mnaanza ajenda ile ile. Kwa hiyo hitaji la kwanza ni mtu, programu inafuata baadaye. Chagueni wawili watatu, sio lazima wawe admini, wawe watu wanaosoma nyuzi kwa utulivu na wanaandika Kiswahili kinachoeleweka, na kazi yao iwe moja, uzi ukitulia wanaangalia kama kuna kitu cha kudumu wanakipeleka kwenye wiki. Na wapewe heshima yake waziwazi, jina lao lionekane, maana jukwaa linampa sifa anayeongea na huyu anayeandika kimya kimya hakuna anayemjua.

Wakishaandika, linki ziwekwe pande zote mbili. Chini ya ukurasa wa wiki kuwe na linki ya uzi ulipotoka, na juu ya uzi kuwe na maneno kwamba makubaliano yapo hapa. Ile ya pili watu wanaisahau sana na ndiyo muhimu zaidi, maana Google inamleta mgeni kwenye uzi wa zamani, akikuta linki anavuka, asipoikuta anachukua komenti ya kwanza anaondoka nayo.

Pasipo na makubaliano msilazimishe. Andikeni kuna wanaosema hivi kwa sababu hii na wanaosema vile kwa sababu ile, basi, msomaji ataelewa. Katibu anayepitisha upande wake kwenye wiki huku akijua uzi ulikuwa na pande mbili anavunja imani ya watu wote, na hiyo imani hairudi kirahisi.

Tarehe nayo isikosekane, ukurasa uonyeshe lini umehakikiwa mara ya mwisho. Stack Overflow, ile ya maswali ya waandishi wa programu iliyoanza 2008, jibu lililokubaliwa na muulizaji lilikuwa linakaa juu kabisa hata kama limepitwa na wakati na chini yake kuna bora zaidi, mpaka 2021 wakaamua lisipewe tena hiyo nafasi. Kwetu ni bei za pembejeo, ada, taratibu za pasipoti, vitu vinavyobadilika kila mara. Na kurasa zenye vipimo vya dawa, ya mifugo, ya mazao au ya binadamu, zifungwe zisihaririwe na kila mtu, mwenye hoja alete kwenye majadiliano mtaalamu aangalie. Hapo sina mjadala, kipimo kikikosewa kwa sifuri moja mtu anaumia.

Kuna mambo ya haki pia. Maneno ya kwenye posti ni ya aliyeyaandika, kwa hiyo mwanzoni kabisa mtu anapojisajili aambiwe kwamba anachopost kinaweza kutumika kwenye wiki na kwa leseni gani, Wikipedia na Stack Overflow wote wanatumia leseni huria za Creative Commons, zinazoruhusu wengine kutumia maandishi mradi wamtaje aliyeandika, na nyinyi mnaweza kufuata hizo hizo. Namba za simu, majina ya wagonjwa, picha za watoto, hivyo visihamishwe kabisa hata kama kwenye uzi vilikuwepo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, Tanzania ina ya 2022, na Tanzania pia kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018 ambazo zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo ulizieni toleo la sasa kabla ya kufungua.

Programu sasa, kwa kifupi maana hapa watu wanapoteza muda mwingi kuliko inavyostahili. Kama jamii yenu ni ndogo Discourse, programu ya jukwaa, inawatosha, posti ya kwanza ya uzi inaweza kugeuzwa kuwa wiki na wengine wakaihariri, mjadala ukaendelea chini yake, kwa hiyo hamhitaji mifumo miwili, ila inataka seva yenye nguvu zaidi kidogo. Kama mna hosting ya bei nafuu tu DokuWiki ni nyepesi na haihitaji hata database, jukwaa mkaweka phpBB pembeni. MediaWiki ni ile inayoendesha Wikipedia, ina uwezo mkubwa na inataka mtu wa kuitunza. Chochote mtakachochagua hakikisheni akaunti ni moja kwa pande zote mbili. Mtu akiambiwa ajisajili tena ili kurekebisha neno moja kwenye wiki harekebishi, na OpenStreetMap kwa miaka mingi akaunti ya wiki ilikuwa tofauti na ya ramani.

Mnaoishi kwenye magrupu ya WhatsApp tu na hamna websaiti, hata nyie mnaweza. Grupu ndilo jukwaa lenu, tafuteni ukurasa mmoja wa wiki au hata dokumenti moja ya pamoja mtandaoni, linki yake ikae kwenye maelezo ya grupu. Chagueni swali moja tu ambalo linaulizwa mpaka linachosha. Katibu aandike jibu kwa aya mbili, alipeleke kwenye grupu aulize nani ana cha kupinga au kuongeza, asubiri siku saba maana kuna watu wanaingia mtandaoni wikendi tu, arekebishe, aweke tarehe. Halafu siku swali hilo likiulizwa tena, anayejibu atume linki na salamu, na amwambie muulizaji akikuta kitu hakijaeleweka aseme, kwa sababu huyo mgeni ndiye anayeona pengo ambalo nyie wenyeji hamlioni tena.