Betri Mpya, Lakini Gari Haliwaki: Anza na Teminali

Betri mpya imefungwa saa nne asubuhi. Saa tano dereva yuko foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, amezima injini, na foleni inaposogea ufunguo unampa tak-tak-tak tu. Lawama hazichelewi: betri feki, au kompyuta ya gari imeungua. Chuoni kwetu, tunakofundisha umeme wa magari, mwanafunzi haruhusiwi kutamka neno kompyuta kabla hajaishika teminali, yaani kibanio cha waya kinachokaa juu ya nguzo ya betri, kwa mkono wake.

Ishike, jaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, tatizo umelipata. Magari mengi yetu yametoka Japani, na betri zake huja na nguzo nyembamba au nene. Nguzo ya chanya nayo siku zote ni nene kuliko ya hasi. Ukinunua yenye nguzo nyembamba kuliko ya zamani, kibanio hakibani, na fundi mwenye haraka hujazia kipande cha bati. Taa zitawaka vizuri, redio itaimba, kwa sababu hizo hula umeme mdogo. Stata, mota inayowasha injini, inataka mamia ya ampea, na hapo ndipo bati linapokuumbua.

Kisha tazama kutu. Hewa ya chumvi ya Pwani hula shaba na risasi hata ndani ya kifuniko cha waya, mahali usipopaona. Fungua hasi kwanza kwa spana namba 10, osha kwa maji ya moto yenye magadi ya kupikia, sugua mpaka ing'ae, kausha, rudisha hasi mwisho. Grisi hupakwa baada ya kukaza, si kabla. Fuata pia waya wa eathi, ule unaotoka kwenye hasi, hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Ukiwa na kutu huko, betri ya bei yoyote haitakufaa.

Mita ya kawaida itamaliza ubishi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6; injini ikiunguruma, iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Sasa gusa ncha moja juu ya nguzo yenyewe na nyingine juu ya kibanio chake, mwenzako apige stata. Usomaji uwe karibu sifuri. Ukifika nusu volti, umeme unapotelea hapo hapo.

Kuna mambo yanayofanana na ubovu kumbe ni usahaulifu. Injini kutetemeka ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kioo cha dirisha kukataa kupanda chenyewe, taa ya utelezi kuwaka: gari limepoteza kumbukumbu betri ilipofunguliwa. Kwa magari mengi, pandisha kioo hadi juu na uendelee kuvuta swichi sekunde chache. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Redio ya Kijapani inayodai kadi ya ramani ni kero ya aina yake, wala haina uhusiano na betri kuwa mbovu.

Ikiwa gari limekufa ganzi kabisa, hata taa ya ndani haiwaki, uliza kama waya zilibadilishana. Betri zilizo na ukubwa mmoja huuzwa na chanya upande wa kushoto au wa kulia, na kosa hilo huunguza fyuzi kubwa, pengine na daiodi za altaneta, mashine inayochaji betri.

Na tafadhali, mwenye gari la siku hizi asikubali fundi achomoe teminali injini ikinguruma "kupima altaneta". Volti hupaa ghafla, na hapo kompyuta huweza kuungua kweli.

Betri ikikaa vizuri mchana ila asubuhi imekwisha, kuna kinachonyonya usiku: taa ya buti, alamu, au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa ovyo. Pengine hicho ndicho kilichoua ile ya zamani.