Umeme chini ya bawa: dhana potofu za kuchaji vifaa unapopiga kambi kando ya ndege ndogo

Kila mwisho wa Julai uwanja wa ndege wa Wittman, ulioko Oshkosh katika jimbo la Wisconsin, Marekani, hugeuka mji wa mahema. Mkutano wa EAA, chama cha wapenda ndege, umekuwa ukifanyika hapo tangu 1970, na ndege zinazofika wiki hiyo huhesabiwa kwa maelfu. Marubani wengi hawaendi hotelini. Wanaifunga ndege kwa kamba, wanasimamisha hema chini ya bawa na kulala papo hapo. Eneo liitwalo North 40 ni nyasi, ndege na mahema mpaka macho yachoke.

Soketi kando ya hema lako hakuna. Na simu ni lazima, kishikwambi chenye ramani za kurukia ni lazima, bado redio ya mkononi, tochi na kamera. Hapo ndipo ushauri huanza kugawiwa bure, na mwingine ni wa hatari.

"Ndege ina betri kubwa, simu haiwezi kuimaliza."

Betri ya ndege ndogo si kubwa hivyo. Zile za volti 12 mara nyingi ni za ampea-saa 25 hadi 35. Zile za volti 24, kama zilizomo kwenye Cessna 172 za miaka ya karibuni, huwa na ampea-saa kumi na kitu tu. Zimeundwa kumwaga mkondo mkali kwa sekunde chache ili starta izungushe injini, si kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya risasi na asidi ikikamuliwa mpaka chini, uhai wake hupungua kila mara.

Simu yenyewe haina makosa. Simu ya mAh 5,000 huhifadhi kama wati-saa 19, yaani hata ukihesabu kinachopotea njiani ni ampea-saa 2 hivi kutoka kwenye betri ya volti 12. Tatizo ni kwamba katika ndege nyingi soketi haipati umeme mpaka uwashe swichi kuu. Iwashe ndege ikiwa kimya uone: utasikia "ta!" kutoka upande wa betri. Hiyo ni relei kubwa inayounganisha betri na mfumo mzima, na ili ibaki imeunganisha inakula karibu ampea moja muda wote. Geji za mafuta nazo zinaamka, na kama kuna jairo ya umeme (gurudumu dogo linalozunguka ndani ya chombo cha kuongozea) utaisikia ikianza kuvuma. Tuseme vyote pamoja vinavuta ampea 3. Ukilala kwa muda wa saa nane, zimekwenda ampea-saa 24. Simu imechukua 2, na 22 zimeteketea bila kumfaa mtu.

"Betri ikizima, tutazungusha propela kwa mkono, halafu alternata itaijaza."

Hii ndiyo dhana ninayotaka iondoke kabisa, kwa sababu inaumiza watu na inaua. Magineto, yaani vifaa vinavyotoa cheche za kuwasha mafuta, katika injini nyingi za ndege ndogo hazihitaji betri, kwa hiyo ni kweli kwamba injini inaweza kuwaka kwa mkono. Ziko ndege za zamani, kama Piper J-3 Cub, ambazo nyingi hazina starta wala betri na huwashwa hivyo siku zote. Lakini huwashwa na watu waliofundishwa, magurudumu yakiwa yamezuiwa na mtu anayejua kazi akiwa ndani ameshika breki. Rubani aliyezoea kubonyeza starta, kwenye nyasi zenye umande, mahema ya jirani yakiwa hatua chache mbele, hana biashara ya kushika propela.

Tena hata injini ikikubali, shida haijaisha. Alternata, yaani mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, inahitaji umeme kidogo wa betri ili ianze kuzalisha. Betri ikiwa imekauka kabisa, relei haishiki na alternata haiamki, kwa hiyo unaruka bila redio na bila taa. Na kama betri ilikuwa na uhai kidogo tu, inanyonya mkondo mwingi kwa pupa, inapata joto, na bado haijajaa. Ndiyo akiba yako alternata ikifa angani. Betri iliyokufa inashushwa au inachajiwa hapo hapo kwa chaja yake mpaka ijae, ndipo unaondoka. Kuiwasha kwa nyaya za ndege nyingine kisha kuruka mara moja ni kosa lile lile limevaa nguo nyingine.

Wapo wanaosema wawashe injini nusu saa kila jioni ili "kuichangamsha" betri. Injini ikizunguka polepole, alternata hutoa umeme kidogo, jenereta za mtindo wa zamani karibu hazitoi kitu. Plagi zinashika uchafu wa risasi iliyomo kwenye petroli ya ndege ya 100LL, upepo unang'oa mahema ya watu, na propela inazunguka mahali watoto wanapokimbia. Hapana.

"Soketi ni soketi, chaja ya gari inaingia."

Inaingia, ndiyo. Lakini ndege yenye betri ya volti 24 hufanya kazi kwenye volti 28 alternata ikizalisha, na chaja ya bei rahisi iliyoandikwa 12–24V inaweza kuungua. Soma maandishi madogo kabla ya kuchomeka. Jambo la pili ni kelele. Chaja mbovu hutoa mawimbi yanayoingia kwenye redio ya VHF. Kuipima ni rahisi: fungulia stesheni inayosikika kwa mbali, chomeka chaja, sikiliza. Kukianza mlio wa kukwaruza, chaja hiyo iache nyumbani. Njia ya kuingia Oshkosh marubani hufuata reli kutoka mji wa Ripon hadi Fisk kwa kasi ya noti 90, kimo cha futi 1,800, wamepangana mstari mmoja, na maagizo ya waongozaji huja redioni mara moja tu kwa haraka. Hapo si mahali pa kukosa neno.

Ukiwa na chaja nzuri, wakati bora wa kuchaji ni huo huo wa kuruka. Alternata ya Cessna 172S ni ya ampea 60. Saa mbili za safari zinatosha kukufikisha kambini kila kitu kimejaa, na hujagusa akiba ya betri hata kidogo.

"Pawabenki ya mAh 20,000 inachaji simu ya mAh 5,000 mara nne."

Namba hiyo ni ya seli za ndani, zenye volti 3.7 hivi. Zidisha upate wati-saa 74. Umeme ukipandishwa kwenda volti 5 na kupita kwenye waya, sehemu hupotea kama joto, na kinachofika ni simu tatu au chini kidogo. Jifunze kuhesabu kwa wati-saa, kila kitu kitanyooka. Kwa simu moja kila siku, kishikwambi kila baada ya siku mbili, na tochi na redio, mtu mmoja anahitaji wati-saa 40 hadi 50 kwa siku. Ukipanda ndege ya abiria kwenda huko, kumbuka pia kwamba pawabenki hukaa kwenye mkoba wa mkononi, na kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100.

Zile pawabenki zenye kioo kidogo cha sola mgongoni, zinazouzwa Kariakoo na Luthuli kama zinavyouzwa Marekani, zinawapotosha wengi. Kioo cha ukubwa ule hutoa wati moja, labda na nusu, jua likiwa kali. Kuijaza ya wati-saa 74 kunahitaji zaidi ya saa 50 za jua kamili. Wiki ya Oshkosh itaisha kwanza, na wewe umeiacha betri ya lithiamu ikichomwa na jua bila faida.

Paneli ya kukunja ya wati 40 au 60 ni jambo jingine, hiyo inafaa. Usitegemee namba iliyoandikwa, kwa sababu joto, vumbi na pembe vinapunguza. Isikae karibu na bawa, kwa maana kivuli chembamba cha kamba au antena kikikatiza seli chache kinaweza kuangusha umeme wa paneli nzima. Jua la Oshkosh mwezi huo huwa juu kabisa karibu saa saba mchana kwa saa za huko, si saa sita, na hata hapo limelalia kusini, kwa hiyo iinamishe kidogo kuelekea upande huo. Paneli iwe juani, pawabenki iwe kivulini. Usiitandaze juu ya bawa, hasa bawa la kitambaa, upepo ukija itakwaruza rangi au kupasua. Na siku za mawingu usitarajie kitu. Mwaka 2010 mvua ililowesha uwanja kiasi kwamba watu waliubandika jina la Sloshkosh. Kila kifaa ukitundike, kisilale chini hemani.

"Ndani ya ndege ni salama kuliko hemani."

Dhidi ya mvua, sawa. Dhidi ya joto, la. Vioo vya plastiki vinakusanya jua, na kabini iliyofungwa mchana hupita nyuzi 50 bila shida, wakati seli za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45 hivi. Usiache kishikwambi kwenye dashibodi. Wala usichaji chini ya tundu la kupumulia la tangi: mafuta yakijaa asubuhi na kupanuka mchana, petroli hudondoka hapo.

Betri ya gari naitaja kwa ufupi. Sehemu ya mizigo ya Cessna 172 inabeba kilo 54 tu. Betri ya gari inachukua kilo 15 na zaidi, na asidi yake ikimwagika inakula alumini. Boksi la umeme la lithiamu la wati-saa 250 lina uzito wa kilo 3 hadi 4 na linamtosha mtu mmoja kwa siku tano.

Na kama simu inaisha haraka kuliko nyumbani, usilaumu betri yake. Watu wakiwa wengi eneo moja mtandao unaelemewa, simu inahangaika kutafuta mnara na kupandisha nguvu ya kurusha. Iweke kwenye hali ya ndege usiku na wakati wa maonyesho, ramani uwe umezipakua kabla ya kufika.