Kuendesha skripti za databesi kwa bechi maana yake nini hasa

Ukimsikia fundi anasema "hizi nazipiga kwa bechi" usiogope, sio kitu kikubwa. Skripti ya databesi ni faili la maandishi tu, mara nyingi jina lake linaishia na .sql, ndani kuna maagizo: tengeneza jedwali, badili bei, futa rekodi za zamani. Kupiga kwa bechi ni kuyaweka mafaili yote kwenye folda moja halafu kompyuta iyapitie yenyewe moja baada ya jingine, badala ya wewe kukaa pale unafungua hili, unabonyeza F5, unasubiri, unafungua lile.

Wengi wanadhani faida yake ni kuokoa muda. Muda unaokoa kweli, ila mimi naona sio hilo.

Kuna kipindi nilikua natunza databesi ya ghala la alizeti hapa Dodoma, msimu unaanza nikaletewa skripti 14 za marekebisho, nikawa nazipiga kwa mkono, nafika ya 9 simu ikaita nikaongea weee kurudi nikaendelea na ya 10, mpaka ya 14 hakuna iliyolalamika. Ya 9 ndo ilikua ya bei. Mizani inasoma kilo vizuri kabisa ila risiti zinatoka na bei ya mwaka jana, mpaka mzee mmoja ametoka Kibaigwa na magunia yake akaniwekea karatasi mezani, "mwanangu, hii hesabu ya lini?"

Kwahiyo bechi kwangu ni mambo mawili: mpangilio, na kusimama pale kitu kikiharibika. Kwa wanaotumia SQL Server (databesi ya Microsoft) kwenye Windows, unafungua Notepad unaandika mstari huu, unasevu kwa jina linaloishia na .bat:

for %%f in (*.sql) do sqlcmd -S SEVA1 -d ghala -E -b -i "%%f" || exit /b 1

Yaani kwa kila faili la .sql lililopo hapa, iite sqlcmd (programu ndogo inayopeleka skripti kwenye SQL Server), nenda seva hii (-S), databesi hii (-d), ingia kwa akaunti ya Windows (-E), soma faili hili (-i), na ikishindikana toka hapohapo. SEVA1 na ghala ni majina ya kwangu, weka ya kwako.

Mpangilio unatokana na majina ya mafaili, na Windows hapa inasoma herufi kwa herufi sio kama namba, kwahiyo 10.sql inatangulia 2.sql. Ni sawa na basi la kutoka Dodoma kwenda Dar likufikishe Moro kabla ya Gairo. Andika 01, 02, 03 mpaka 14 yameisha hayo.

Sasa hiyo -b, naomba ukae nayo kidogo. Ukiisahau, sqlcmd ikikutana na kosa inaliandika kwenye skrini halafu inajibu kwamba kazi imeisha salama, bechi nayo inaamini inaenda faili linalofuata, unajenga juu ya msingi ambao haupo. Kwenye Postgres, databesi nyingine, psql ambayo ndo sqlcmd yake nayo ina tabia hiyohiyo mpaka uwashe ON_ERROR_STOP, wakati mysql, ya databesi ya MySQL, yenyewe husimama kwenye kosa la kwanza labda uilazimishe kwa --force. Na kusimama sio kurudisha nyuma eti, mafaili yaliyokwisha kupita yamepita, ndo maana bekapu unachukua kabla. Pia ongeza -o "%%~nf.txt" kabla ya zile alama mbili za ||, kila skripti iache ripoti yake.

Ukitaka ijiendeshe usiku umelala unaipanga kwenye Task Scheduler, programu ya Windows ya kupangia kazi muda wake. Saa 8 usiku unaandika 02:00, kompyuta haijui saa zetu. Kumbuka -E hapo inaingia kwa akaunti uliyoiwekea hiyo kazi, sio lazima iwe yako, kwahiyo akaunti hiyo iwe na ruhusa kwenye databesi.

Kilichonisumbua mimi ni kingine. Nikiibofya kwa mkono inafanya kazi, nikiipanga usiku asubuhi nakuta imeandikwa imefanikiwa, 0x0, na hakuna kilichobadilika. Kumbe Task Scheduler usipoiambia folda inaanzia System32, folda ya Windows yenyewe, huko hakuna .sql hata moja, for ikazunguka mara sifuri na kwa hesabu zake haijakosea kitu. Nikaweka juu kabisa ya faili mstari wa cd /d "%~dp0", maana yake nenda kwanza kwenye folda ulipo wewe mwenyewe, na kesho yake nikakuta ripoti 14 zimejipanga kuanzia 01.txt.